Mgeni wako umemuuliza anataka kuona nini?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini wahenga hao, ndugu msomaji, hawakuwa wakikaa katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Umoja. Wala hawakuwahi kupigiwa simu Alhamisi jioni kuambiwa kwamba watu wanne wamo njiani, wameshabeba mizigo, na kwamba kabla hawajarudi nyumbani wangependa "kuonyeshwa Nairobi kidogo".

Simu kama hiyo nilipigiwa mwaka jana, mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Waliokuwa wakija ni nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi Wakamba humwita susu, pamoja na shangazi yangu na watoto wake wawili. Susu ana umri wa miaka 78. Kabla ya hapo alikuwa ameingia Nairobi mara tatu pekee, na mara zote tatu aliletwa hospitali.

Nilifurahi, nisikudanganye. Tena nilijiona ndiye mwenyeji hasa. Mimi niandikaye ukurasa huu kila Jumapili, nikiwafundisha wengine jinsi ya kuishi na jamaa zao, nitashindwaje kuwatembeza wageni wanne kwa siku moja? Nilitwaa kalamu na karatasi nikaandika ratiba. Saa tatu asubuhi, jumba la mikutano la KICC. Saa nne na nusu, makumbusho ya taifa. Saa saba, mbuga ya wanyama ya Nairobi. Saa kumi, twiga wa Lang'ata. Saa kumi na mbili, nyama choma. Nikaibandika ratiba hiyo kwenye mlango wa friji, nikalala usingizi mnono.

Yaliyotokea Jumamosi hiyo ndiyo yaliyonifanya niandike haya leo. Huenda nawe msomaji una wageni wanaokuja, na singependa uyapitie niliyoyapitia mimi.

SIKU ILIYOHARIBIKA

Kwanza, hatukutoka saa mbili kama nilivyopanga. Watu saba, bafu moja, na maji ya moto ya kubahatisha. Tulipanda matatu saa nne. Tulipofika mjini jua lilikuwa limeshapanda, na tulipoteremka kutoka juu ya KICC ilikuwa ni saa sita. Watoto walikuwa wamefurahi, kwa maana kutoka kule juu unauona mji wote umetandazwa chini yako kama mkeka. Lakini susu alikuwa ameshikilia ukuta muda wote, na tulipomuuliza alisema tu kwamba ni pazuri.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angetafuta mahali pa kula. Mimi je? Nilitazama ratiba. Tukakimbilia makumbusho, tukapita vyumba vyake kama watu wanaofukuzwa, kisha tukakodi teksi mbili kwenda Lang'ata. Lo! Nani asiyeijua barabara ya Lang'ata Jumamosi mchana? Tulikaa ndani ya magari tukitazama magari. Mtoto mdogo wa shangazi alitaka kujisaidia, na hapakuwa na mahali. Mwanangu akaanza kulia kwa njaa. Saa kumi jioni tuliingia katika kibanda cha chipsi kilichokuwa karibu, tukala kwa pupa. Susu hali chipsi. Alikunywa soda, akashika kipande cha mkate mkononi bila kukitia kinywani.

Hata twiga hatukuwaona. Shangazi, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, alinivuta kando akanena: "Wewe mtoto, hebu niambie. Umetuleta kutuonyesha Nairobi, ama umetuleta tuone kwamba wewe unaijua Nairobi?"

Sikuwa na jibu. Tulirudi nyumbani kimya kimya, kila mmoja akitazama dirisha lake.

Usiku nilimchemshia susu maji, nikatia chumvi, nikamkanda miguu iliyokuwa imevimba. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha, ni kitu gani kilichompendeza zaidi. Alifikiri kidogo. "Vyote ni vizuri, mjukuu wangu. Ila mahali nilipotaka kupaona hamkunifikisha."

"Wapi, susu?"

"Pale alipokuwa akifanya kazi babu yako."

Babu yangu aliajiriwa katika karakana ya reli hapa Nairobi mwaka wa 1966. Alipanda gari moshi pale Kibwezi, akamwacha susu na shamba na mtoto tumboni. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi na kurudi. Susu hakuwahi kukanyaga alikokuwa akifanya kazi hata siku moja. Jambo hilo amekuwa nalo moyoni tangu ujana wake, na sisi jamaa zake wote hatukuwahi kumuuliza.

ULIZA KABLA YA KUPANGA

Basi hilo ndilo la kwanza na ndilo kubwa, msomaji wangu. Kabla hujaandika ratiba, muulize mgeni anataka kuona nini. Tena usimuulize mbele ya watu, kwani mbele ya watu mgeni mwenye adabu atakujibu, "Popote tu, ninyi ndio mnaojua." Jibu hilo ni la heshima tu, usilichukue likawa ruhusa. Kaa naye jikoni mkichambua mboga, au mtembee naye hadi dukani. Muulize amewahi kusikia nini kuhusu mji huu. Muulize ni nani anayemjua aliyewahi kuishi hapa, na alikuwa akisimulia nini.

Utashangaa. Yuko mzee ambaye hajali majumba marefu, lakini mwaka wa 1969 alikuwa kijana na anakumbuka alikuwa wapi aliposikia redioni kwamba Tom Mboya ameuawa. Mpeleke kwenye sanamu ya Mboya katika barabara ya Moi, karibu na pale alipopigwa risasi. Atasimama hapo muda mrefu kuliko utakavyodhani, na huenda akaanza kuwasimulia wajukuu mambo ambayo wewe mwenyewe hukuwahi kuyasikia. Yuko mama ambaye anataka tu kuliona soko kubwa, alinganishe bei ya maharagwe. Yuko shangazi anayetaka kwenda kumsalimu mwanakijiji mwenzake aliyeolewa Kayole. Hayo yote ni matembezi. Wala hakuna sheria isemayo kwamba mgeni hajafika Nairobi mpaka amwone simba.

Wanafunzi nao wana yao. Mwanafunzi wa shule ya upili ambaye amesoma habari za binadamu wa kale darasani atafurahi kuyaona kwa macho yake mabaki ya Kijana wa Turkana, yaliyogunduliwa mwaka wa 1984 karibu na Ziwa Turkana, ambayo umri wake ni takriban miaka milioni 1.5. Aliyekiona kipande cha kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkamba mwenzetu, aliyejifunza kazi hiyo kwa macho na mikono. Mtoto wa shangazi alipita mbele ya mifupa hiyo mbio Jumamosi ile, kwa sababu mimi nilikuwa nikitazama saa.

MAHALI PAWILI, MLO MMOJA

La pili ni kupunguza. Tangu siku ile nina kanuni moja: kwa siku moja, mahali pawili na mlo mmoja wa maana. Ukiwa na wazee au watoto wadogo, mahali pamoja panatosha. Na hayo mawili yawe jirani, msije mkaimaliza siku barabarani.

Nairobi ina majirani wazuri. Mathalani, makumbusho ya taifa, yaliyofunguliwa mwaka wa 1930, yako juu ya kilima kimoja na bustani ya nyoka, ua kwa ua. Uani mwa makumbusho amesimama Ahmed, sanamu ya yule ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu ambaye Mzee Kenyatta aliamuru alindwe usiku na mchana, naye akafa kwa uzee mwaka wa 1974. Wazee wengi wanalikumbuka jina hilo. Asubuhi nzima inaishia hapo bila mtu kupanda gari lingine.

Wenye miguu imara na wanaopenda mji wenyewe wanaweza kuanzia KICC, jumba lililofunguliwa mwaka wa 1973, kisha watembee polepole hadi kwenye sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa mwaka wa 2007 katika barabara iitwayo kwa jina lake. Kutoka hapo si mbali kufika City Market, katika barabara ya Muindi Mbingu. Nilipomweleza susu jina la barabara hiyo aliniuliza, "Huyo Muindi wetu?" Naam, ndiye yule aliyewaongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka wa 1938 kumlalamikia gavana kwa kunyang'anywa ng'ombe wao. Usimpitishe mgeni barabarani bila kumwambia jina la barabara. Wakati mwingine jina hilo ni la kwao.

Kwa watoto, upande wa Lang'ata hauna kifani, mradi uende huko moja kwa moja. Mbuga ya Nairobi ilitengwa mwaka wa 1946, ya kwanza katika nchi yetu. Usidhani ni lazima uwe na gari. Pale kwenye lango kuu kuna makao ya wanyama yatima, na jirani yake kuna njia ya kutembea kwa miguu ambako mnawatazama wanyama mkiwa juu ya madaraja ya mbao. Wenye gari na wanaotaka kumwona simba na waamke mapema, lango linapofunguliwa, kwani jua likiwa kali simba naye hutafuta kivuli kama mtu mwingine yeyote. Na wanaotaka kuwaona ndovu wadogo wakinyonyeshwa kwa chupa katika kituo cha Sheldrick wajue kwamba wageni huingia kwa saa moja tu, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na lazima nafasi iombwe mapema.

Na ikiwa wageni wako ni watu wa shamba waliochoka na kelele, wapeleke msitu wa Karura. Kuna miti, maporomoko ya maji, na mapango. Waambie watoto kwamba miti hiyo bado imesimama kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka wa 1999 ili msitu usigawanywe viwanja. Miaka mitano baadaye mama huyo akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

TUMBO HALISUBIRI

La tatu ni chakula, na hapa ndipo wenyeji wengi tunapokosea. Tunadhani ya kwamba chakula hujipata chenyewe. Hakijipati. Amua kabla ya kutoka mtakula nini, wapi na saa ngapi, halafu saa hiyo iheshimu kuliko jambo jingine lolote. Mtu mwenye njaa haoni twiga.

Wape wageni kifungua kinywa cha kushiba: chai ya maziwa, viazi vitamu au nduma, mayai, chapati za jana usiku zilizopashwa moto. Beba maji na ndizi. Lakini kumbuka kwamba tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu inayohifadhiwa, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kote tangu 2017. Basi chukua chupa ya kudumu, na chakula kitie katika mkebe au kikapu.

Ukiamua kuwapeleka kwenye nyama choma, Nairobi ina mahali pake panapojulikana: Kenyatta Market, Burma, na Kariokor, ambayo jina lake lilitokana na wapagazi wa Carrier Corps wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jambo la kujua ni kwamba nyama nzuri haiharakishwi. Unaichagua buchani, inapimwa kwa kilo, kisha inawekwa juu ya makaa, na unaweza kungoja saa nzima au zaidi. Kwa hiyo agiza kabla njaa haijauma, na watoto uwaagizie supu au mandazi wakati wa kungoja. Kilo moja huwatosha watu watatu hadi wanne pakiwa na ugali, sukuma wiki na kachumbari.

Na wakumbuke wenye meno machache. Nyama choma ni ngumu, na mzee hatakwambia. Atakata kipande, atakizungusha mdomoni, atakitema kwa siri ndani ya kitambaa. Muagizie ya kuchemshwa, au matumbo yaliyoiva, au samaki. Uliza kama kuna mwenye ugonjwa wa sukari au shinikizo la damu, umwombe mpishi apunguze chumvi. Mgeni Mwislamu usimpeleke mahali ambapo hujahakikisha kwamba nyama ni halali. Haya ni mambo ya kuulizwa nyumbani. Mkiwa mezani mbele ya mhudumu mmeshachelewa.

MIGUU, CHOO NA MFUKO

Kuna mambo matatu ambayo hayaandikwi katika vitabu vya watalii, nayo ndiyo huamua siku itakuwaje.

Miguu: piga hesabu ya ngazi na ya mwendo kwa miguu ya yule aliye dhaifu kuliko wote. Kila mnapokwenda, tafuta kwanza penye benchi.

Choo: kabla ya kupanda gari lolote, kila mtu aende msalani, hata anayesema hana haja. Weka sarafu mfukoni, kwani vyoo vya mjini hulipiwa.

Mfuko: keti na mwenzi wako mkadirie gharama yote, nauli, kiingilio na chakula, kisha ongezeni kidogo kwa yale yasiyotarajiwa. Viingilio hubadilika, na mbuga na makumbusho ya serikali siku hizi hulipwa kwa simu na si kwa noti mkononi, kwa hiyo uliza bei ya siku hiyo kabla ya kuondoka na uhakikishe pesa zimo kwenye simu. Beba vitambulisho, maana bei ya mwananchi na ya mgeni kutoka nchi za nje si moja. Na ikiwa hali si nzuri, sema mapema na uchague kidogo. Hakuna jamaa anayefurahi kujua baadaye kwamba ulikopa karo ya mtoto ili yeye amwone kifaru.

SIKU YA PILI

Wageni wangu walikuwa waondoke Jumatatu kwa treni ya asubuhi, ile inayosimama katika stesheni za njiani hadi Kibwezi na kuendelea. Tulikuwa na Jumapili moja tu. Ile ratiba niliibandua kwenye friji, nikaitupa jikoni.

Tulikunywa chai bila haraka. Saa tano hivi tulifika katika makumbusho ya reli, karibu na stesheni kuu. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka wa 1971, babu yangu akiwa na miaka mitano kazini. Siku hiyo nilikuwa na lengo moja tu, kumfuata susu popote atakapotaka kwenda, kwa mwendo wake.

Watoto walikwenda moja kwa moja kwenye lile behewa la mwaka wa 1900, ambalo simba aliingia usiku katika stesheni ya Kima akamnyakua afisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall. Afisa huyo alikuwa amekuja kumwinda simba, usingizi ukamshinda. Kima ni kwetu Ukambani. Susu alitikisa kichwa, akawaambia watoto hadithi hiyo kama alivyosimuliwa na mama yake, na ilikuwa na mambo ambayo hayakuandikwa pale ukutani.

Kisha tukatoka nje, yalikosimama magari moshi ya zamani. Kuna moja kubwa mno, zito kupita tani 250, lililoundwa Uingereza katikati ya miaka ya 1950. Susu alilisogelea. Ubavuni pana kibao chenye jina, akaniambia nimsomee.

"Mount Gelai," nikasoma. "Ni jina la mlima, susu, uko Tanzania. Magari moshi ya aina hii yote yalipewa majina ya milima."

Alinyamaza. Akaweka kiganja chake juu ya gurudumu, na gurudumu hilo lilikaribia kimo chake. Baadaye akasema, "Alikuwa akija nyumbani mikono ikinuka mafuta. Nikimuuliza umefanya kazi gani mwezi huu, ananijibu, 'Nimepaka mafuta milima.' Nilidhani ananifanyia mzaha. Na wanawake wa kijiji walikuwa wakiniambia mwanamume anayejibu hivyo ana mke mwingine huko Nairobi."

Shangazi aligeuka akatazama upande mwingine. Mimi nilishika mkono wa susu. "Kumbe ni kweli," akasema. "Alikuwa akipaka mafuta milima." Akacheka, akajipangusa macho kwa ncha ya leso, akaomba akae kidogo. Benchi lilikuwapo. Tulikaa nusu saa nzima bila kufanya chochote, watoto wakicheza kati ya magurudumu, na hakuna aliyeuliza saa ngapi.

Kutoka hapo tulikwenda kula Burma, njia ya kurudi nyumbani. Mume wangu alitangulia kuagiza nyama, kwa hiyo hatukungoja sana. Susu aliletewa ya kuchemshwa na supu yake, akala akamaliza, akaomba aongezewe. Mwanangu alimwuliza maswali mengi kuhusu babu yake, naye aliyajibu yote. Saa kumi tulikuwa tumeshafika nyumbani, susu akalala, shangazi akanisaidia kusuka nywele. Hatukusema lolote kuhusu Jumamosi. Alivuta nywele kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, nikajua tumepatana.

Kwa hesabu ya ratiba yangu ya kwanza, siku hiyo hatukufanya kitu. Mahali pamoja, mlo mmoja. Lakini susu alipofika Kibwezi, nimeambiwa, wiki nzima aliwasimulia majirani habari za mlima wa chuma, hasa wale wanawake waliobaki hai kati ya waliokuwa wakimcheka.

Basi, ndugu msomaji, likizo nyingine iko njiani na simu yako italia. Jibu kwa furaha. Panga malazi, panga bafu. Lakini kabla hujaichukua kalamu na karatasi, keti na mgeni wako jikoni, umuulize polepole anataka kuona nini. Ukishamuuliza, ngoja. Usilichukue lile jibu la kwanza la heshima.

Hadi Jumapili ijayo, Mungu akipenda, nakutakia mapumziko mema na jamaa zako.